Lami yafika pwani, wenye hema wahesabu usiku

Anayetaka kukodi gari la kulala kwa safari ya pwani, tuseme kutoka Malindi hadi Bagamoyo, huulizwa maswali mawili kabla ya kutajiwa bei: atavuka mpaka au havuki, na anasafiri msimu gani. Majibu yake ndiyo yanayopanga kodi, dhamana na hata aina ya gari atakalopewa. Mikoko, minazi na bahari havimo kwenye mkataba, ingawa ndivyo vilivyomleta.

Biashara hii haifanani na ile ya Ulaya au ya barabara ya pwani ya Afrika Kusini, ambako gari-nyumba refu lenye choo, jiko na kitanda nyuma ya dereva ni jambo la kila siku. Huku kwetu linalofanya kazi ni Land Cruiser au Prado yenye hema la kukunja juu ya paa, betri ya pili ya kuendeshea friji, mtungi mdogo wa gesi, madumu ya maji na viti vya turubai. Mwenye mtaji mdogo hufunga hema la namna hiyohiyo juu ya RAV4 na kuomba Mungu asiletewe mteja anayependa mchanga. Gari refu lenye tumbo la chini lingekwaruzwa na matuta ya kila kijiji kati ya Ukunda na Lunga Lunga. Hata likipita salama, kambi nyingi za ufukweni hazina mahali pa kumwagia maji machafu ya choo cha gari.

Land Cruiser iliyotimia vifaa vyote kwa kawaida hukodishwa kwa zaidi ya dola 100 kwa siku. Ukizidisha mara thelathini, ni fedha ya kumtamanisha mtu auze shamba. Wenye magari husema wanaoingia kwa hesabu hiyo ndio wa kwanza kutoka, kwa sababu hakuna gari linalofanya kazi siku thelathini za mwezi, na masika yakianza linaweza kukaa bandani wiki nzima likila bima.

Serikalini lugha ni nyingine. Ofisa mmoja wa sekta ya utalii, ambaye hakupenda kutajwa, ana jibu moja kwa kila swali, nalo ni takwimu. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895, kutoka 1,808,205 mwaka 2023. Kenya nayo ilitangaza karibu milioni 2.4 kwa mwaka huohuo. Kwa maelezo yake, barabara ya pwani ikikamilika, sehemu ya umati huo itateremka kwa magari, italala Pangani, itakula samaki wa Pangani, na vijana wa Pangani watapata ajira.

Ni hesabu tamu. Shida ni kwamba ndani ya hizo milioni mbili yumo aliyekuja kwenye mkutano Dar es Salaam, yumo aliyekuja kumwona shangazi yake, na yumo aliyeshuka moja kwa moja Zanzibar na kuondokea hukohuko bila kukanyaga bara. Hakuna safu ya waliolala juu ya paa la gari. Alipobanwa aseme ni wangapi waliopita Horohoro na hema mwaka jana, ofisa alirudi kwenye milioni mbili.

Kuhusu barabara yenyewe, angalau kuna cha kuonyesha. Mwaka 2019 benki moja ya maendeleo ya bara hili iliidhinisha takriban euro milioni 345 kwa awamu ya kwanza ya barabara ya Malindi, Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga hadi Bagamoyo. Upande wa Kenya, barabara ya Dongo Kundu imemwezesha mwenye gari kutoka bara ya Mombasa hadi Kwale bila kusubiri kivuko cha Likoni. Kutoka Horohoro hadi Tanga ni lami. Kutoka Tanga hadi Bagamoyo kwa njia ya Pangani na Saadani ni kilomita 256, na kwa miaka mingi kipande hicho ndicho kilichowarudisha watu nyuma: vumbi wakati wa kiangazi, udongo mweusi unaonata wakati wa mvua, na kivuko kati ya Pangani na Bweni. Wengi walichagua kuzunguka bara kwa Segera na Chalinze, bahari wasiione tena mpaka jijini. Mradi unajumuisha daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani la kuchukua nafasi ya kivuko.

Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja wa Tanga, mama anayekodisha magari machache ya hema, anapotofautiana na ofisa. Yeye hana ugomvi na lami. Analosema ni kwamba serikali inahesabu kilomita, na yeye anahesabu usiku.

Kwa maelezo yake, mteja aliyekuwa akichukua gari Tanga alilazimika kulala njiani mara kadhaa. Alichelewa kivuko, akalala Pangani. Alisikia njia ya Mkwaja imeharibika, akaongeza usiku mmoja Ushongo akisubiri jua likaushe tope. Ucheleweshaji huo ulimkera dereva, lakini kila usiku uliongeza siku kwenye kodi ya gari, ukampa mwenye kambi ada yake, na ukamuuzia mvuvi pweza wake. Kukiwa na daraja na lami, dereva mwenye haraka anaweza kunywa chai Tanga na kula mchana Bagamoyo. Safari aliyozoea kuiuza kwa usiku tano sasa wateja wanaiomba kwa usiku tatu, na wengine wanaiita njia ya kwendea Dar es Salaam tu.

Mtu anaweza kumjibu kwamba tope halikuleta wateja, liliwafukuza, na kwamba barabara inayopitika Aprili inaongeza miezi ya kazi. Mwenye kambi mmoja wa upande wa Ushongo anasema hivyohivyo, na anasubiri daraja kwa hamu. Lakini yeye mteja wake ni familia za Dar es Salaam za mwisho wa wiki, zinazokuja na magari yao wenyewe. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na mmoja wao akafilisika.

Lawama kubwa zaidi ya mama wa Tanga ni mpaka. Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja, na mtu mwenye pasi huvuka bila taabu kubwa. Gari la kukodi ndilo lenye maswali. Linahitaji barua ya idhini ya mwenye gari, nakala ya kadi ya gari, kibali cha kuingia kwa muda na bima ya kadi ya njano inayotambulika nchi zote mbili. Karatasi moja ikikosekana, mteja anaweza kukaa getini nusu siku akimpigia simu mwenye gari aliye kilomita sitini nyuma. Na gari likivuka, juu ya ada ya mtu kuna ada ya gari: hifadhi za Tanzania hulitoza gari lenye namba za nje kwa dola, kiasi kikubwa kuliko lile lenye namba za ndani. Saadani, hifadhi pekee ya taifa nchini humo ambako wanyama hushuka hadi ufukwe wa bahari, ni mojawapo. Mwenye hema la Mombasa anayetaka mteja wake aone tembo na mawimbi kwa siku moja hulipia fahari hiyo.

Mgogoro huu ni wa zamani. Makubaliano ya mwaka 1985 kati ya nchi hizi mbili yaliweka mipaka ya wapi magari ya watalii ya upande mmoja yanaweza kufika upande wa pili, na Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wake mkuu wa ndege. Mazungumzo yamefanyika tangu wakati huo, tena na tena. Kwenye karatasi nchi hizi ni za jumuiya moja. Getini, anasema mama huyo, namba ya gari bado ina kabila. Ndiyo maana magari yake hayavuki, na anaona ni heri apoteze mteja kuliko kumkomboa mtu asiyemjua Kwale.

Lipo pia suala la sarafu. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 Tanzania zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Nia yake inaeleweka, na shilingi inahitaji heshima yake. Mama wa Tanga hapingi nia. Anauliza kwa nini yeye apange bei kwa shilingi kwa mteja atakayekuja baada ya miezi sita, wakati ada ya hifadhi ya mteja huyohuyo imepangwa kwa dola, na vipuri vya Land Cruiser anavyoagiza kutoka Dubai havijawahi kuuzwa kwa shilingi. Kama shilingi ikishuka katikati, hasara ni yake. Swali hilo alipelekewa ofisa. Alisema kanuni ni nzuri kwa uchumi.

Magari yenyewe yanatofautiana kwa sababu ya sheria. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania inaruhusu ya zamani zaidi, ila inayatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Matokeo yake, mwenye gari wa Mombasa huanza na gari jipya zaidi na deni kubwa zaidi, na wa Tanga huanza na gari la bei nafuu linalomla polepole gereji.

Na pwani hula haraka. Chumvi huingia kwenye bawaba za hema, kwenye waya za taa na kwenye vyuma vya chini ambavyo mteja havioni. Fundi wa Tanga hulala chini ya gari na kopo la oili chafu iliyochanganywa na dizeli, akipaka fremu kwa brashi ya rangi mpaka iwe nyeusi tii. Hilo hurudiwa kila gari linapotoka ufukweni kwa safari ndefu. Cha ajabu ni kwamba kinachokufa mapema kuliko vyote ni zipu. Punje za mchanga na chumvi huganda kwenye meno yake, mteja anavuta usiku kukimbia mbu, na kishikizo kinabaki mkononi. Dawa ya haraka ni kusugua meno ya zipu kwa kipande cha mshumaa. Dawa ya kudumu ni fundi cherehani wa mtaani, ambaye hubadilisha zipu nzima kwa fedha ndogo, ila hema linakaa kwake siku mbili, na siku mbili hizo hakuna hesabu.

Njiani kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye tangazo lolote. Vijijini Tanzania mwendo ni kilomita 50 kwa saa, kibao cha kumaliza kijiji mara nyingi hakionekani, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo yuko chini ya mwembe. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Mgeni hulipa bila ubishi, kisha siku ya kurudisha gari anataka ikatwe kwenye kodi kwa madai kwamba hakuelezwa. Wenye magari waliojifunza huandika jambo hilo kwenye mkataba kwa herufi kubwa.

Nje ya njia ya Malindi hadi Bagamoyo, picha ni ya mashaka zaidi. Kaskazini, baadhi ya wenye magari bado wanaandika kwenye mikataba kwamba gari halipiti Garsen kuelekea Lamu kwa sababu za usalama, na anayefika Mokowe huliacha gari bara na kupanda boti, kwani mitaa ya mji wa kale haipitiki kwa gari. Kusini, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara ni ya lami na Kilwa ina historia ya kumtosha mgeni siku tatu, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara hiyo eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili.

Matarajio? Ofisa anaona neema. Mama wa Tanga anafikiria kuuza gari moja na kununua kiwanja cha kambi, ili awe upande unaouza usiku, si kilomita. Hilo nalo lina mtego wake: sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na choo na jiko la kambi ni ujenzi hata kama mgeni analala juu ya gari. Madalali wa viwanja wa Pangani hawalitaji hilo mpaka waulizwe. Juu ya hayo, vurugu za uchaguzi wa Oktoba 2025 na siku za intaneti kuzimwa ziliwakumbusha wote kwamba biashara inayopokea wateja wake kwa ujumbe wa simu inaweza kunyamaza kwa amri moja.

Anayetaka kuingiza fedha zake huku asisubiri daraja limjibu. Aulize kwanza kama bima kubwa ya gari inafanya kazi ng'ambo ya mpaka, kwa maandishi, si kwa mdomo wa wakala. Kwa sasa wengi wanaokodi gari Mombasa hulirudisha Mombasa, na wanaokodi Tanga huishia Horohoro.