Umeme Ukikatika, Kadi ya RAID Hufanya Nini?

Gridi ya Taifa ya Tanzania ilipopata hitilafu Aprili 1, 2024, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme. Wenye majenereta waliwasha. Lakini kati ya umeme kukatika na jenereta kushika kuna sekunde kadhaa, na kwa seva ambayo UPS yake, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika, imechoka, hasara hutokea humo humo. Chukua ofisi ya SACCOS pale Moshi mjini, siku ya malipo ya kahawa. Karani amehifadhi muamala, kompyuta imejibu kwamba tayari, mkulima wa Kibosho amekunja risiti yake na kuitia mfukoni. Je, muamala ule umefika kwenye diski, au ulikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukiondoka?

Hapo ndipo kadi ya RAID inapostahili bei yake. Huchomekwa ndani ya seva, ina prosesa yake, kumbukumbu yake na, kwa zile nzuri, betri yake. Diski zote husimamiwa nayo; Windows au Linux huona diski moja kubwa tu. Data huingia kwanza kwenye kumbukumbu ya kadi, kadi inajibu papo hapo kwamba imepokea, kisha inaipanga na kuipeleka diskini. Ndiyo maana seva haielemewi hata makarani wengi wakiandika kwa mpigo. Umeme ukikatika, betri huilinda data ambayo haijafika diskini, lakini kwa siku chache tu. Kadi za kisasa hutumia kapasita, inayotoa nguvu ya kutosha kuihamishia data hiyo kwenye chipu ya flashi, nayo hukaa humo salama hata umeme usiporudi wiki nzima.

Wazo la RAID liliwasilishwa mwaka 1988, katika andiko la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: badala ya diski moja kubwa ya bei mbaya, unganisha kadhaa za bei nafuu, na weka ziada ya kukuokoa mojawapo ikifa. RAID 1 ni nakala pacha, basi. RAID 5 ina ujanja zaidi. Tuseme diski ya kwanza ina 1 na ya pili ina 0. Zikitofautiana, ya tatu huandikwa 1. Zikifanana, huandikwa 0. Hapa ya tatu ni 1. Sasa ya pili imekufa. Zilizobaki ni 1 na 1, zinafanana, kwa hiyo iliyopotea ilikuwa 0. Kadi hufanya hesabu hiyo bila kuisumbua prosesa kuu ya seva, na ukiiachia diski ya akiba, huanza kuijaza yenyewe kabla fundi hajafika. Tatizo ni kwamba kujaza diski kubwa za siku hizi kunaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na diski nyingine ikifa katikati, umepoteza zote. Kwa hiyo mimi huchagua RAID 6, inayovumilia vifo viwili.

Betri nayo huzeeka, na joto la Januari katika chumba kisicho na kiyoyozi huiharakisha. Ikichoka, kadi nyingi huacha kutegemea kumbukumbu zake na hungoja kila kitu kifike diskini. Seva inakuwa nzito ghafla, watu wanalaumu mtandao, kumbe ni betri.

Muuzaji akikwambia kompyuta ya kawaida "ina RAID ndani", muulize kumbukumbu na betri ya hiyo RAID viko wapi. Mara nyingi havipo. Kazi yote inafanywa na prosesa kuu. Kama ni hivyo, afadhali RAID ya Linux, ambayo diski zake unaweza kuzihamishia mashine nyingine zikasomeka. Kadi halisi ikifa, kwa kawaida itabidi utafute nyingine ya kampuni na familia ile ile, na hiyo huenda ukaiagiza Dar es Salaam au Nairobi.

Jambo jingine la huku kwetu ni mwinuko. Kichwa cha diski ya kuzunguka huelea juu ya tabaka jembamba la hewa, na diski nyingi zimeidhinishwa hadi mita 3,000 hivi. Moshi mjini hakuna shida, hata kambi ya Mandara katika Mlima Kilimanjaro, mita 2,720, ni sawa. Lakini Horombo, mita 3,720, ambako shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti mwaka 2022, anayetaka kuweka seva atumie diski za chipu.

Na hakuna RAID inayochukua nafasi ya chelezo. Karani akifuta faili la wanachama, kadi italifuta kwenye diski zote. Mwizi akibeba seva, kabeba na pacha wake. Nakala ya kila usiku ikae jengo jingine, ikiwezekana Arusha.

Kitu ninachokikuta sana maofisini ni mlio. Diski ikifa, kadi hulia. Mtu anauzima kwa sababu unasumbua wateja, kazi inaendelea kama kawaida, na hakuna anayekumbuka hadi diski nyingine ife. Kadi nyingi hutuma taarifa kwa barua pepe: iwekwe ya watu wawili, si ya fundi aliyekwisha hama. Kisha diski yenye taa ya hitilafu ichomolewe, seva ikiwa inaendelea kufanya kazi, na mpya ichomekwe palepale.