Mbunge wa Jimbo na Mrabaha wa Kinsevere

Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kila jimbo lina bunge lake, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi kwa muhula wa miaka mitano, isipokuwa machifu wa kimila wachache, wasiozidi sehemu moja ya kumi, wanaoingia bila kura ya umma. Mkazi wa Kinsevere, kwenye machimbo ya shaba ya kampuni ya MMG takriban kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, humpata mbunge wake kupitia teritwari, yaani wilaya, ya Kipushi.

Bunge hilo hutunga sheria za jimbo, hupitisha bajeti na humhoji gavana. Lakini pia ndilo linalomchagua gavana huyo pamoja na maseneta, hivyo mbunge mgeni, kabla hajakizoea kiti, huwa amekwisha kupiga kura yake yenye bei kubwa kuliko zote. Neno bei halikutumika hapa kwa mzaha, kwani mwezi Machi 2019 Rais Tshisekedi alisimamisha kwa muda kuingia madarakani kwa maseneta wapya kutokana na tuhuma za rushwa.

Wapo waliopanda ngazi ya siasa za jimbo kinyumenyume, kutoka ugavana hadi bungeni. Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Rais Mobutu barua ya kumpinga mwaka 1980, alikuwa gavana wa Katanga tangu 1991, kipindi ambacho maelfu ya Wakasai walifukuzwa jimboni, kisha mwaka 2007 akawa spika wa bunge la jimbo. Wengi, hata hivyo, hutamani uwaziri wa jimbo, ambao hutolewa na gavana; na kwa kuwa marekebisho ya katiba ya 2011 yanamruhusu mbunge aliyeteuliwa kumwachia kiti mbadala wake na kukirudia baadaye, ni vigumu kumkagua kwa ukali mtu anayegawa vyeo.

Hasara ya ukaguzi huo hafifu huonekana kwenye mrabaha, yaani malipo ya mwenye mgodi kwa madini anayouza, ambao sheria ya madini ya 2018 huligawia jimbo asilimia 25 na serikali za mitaa za eneo la mgodi asilimia 15. Mpiga kura wa Kinsevere na amuulize mbunge wake ni mara ngapi alimtaka gavana aeleze zilikokwenda hizo asilimia 25.