Maadili Yaanzia Chekechea

 

Wengi hudhani watoto wa chekechea huenda shuleni kuimba na kusinzia tu. La hasha! Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, watoto wa miaka minne na mitano wana somo la dini. Mkristo hufunzwa ya Kikristo, Mwislamu ya Kiislamu, Mhindu ya Kihindu. Wala si kukariri sala peke yake. Hufunzwa kusema asante na pole, kungoja zamu, kugawana na kusema kweli. Mwalimu hutumia nyimbo, hadithi na michezo, maana mtoto wa umri huo huiga anachokiona kabla hajaelewa anachoambiwa. Zamani kazi hii ilikuwa ya gogo kando ya moto, naye hakuhitaji chaki.

Wenzetu wa Pwani walitutangulia. Huko Mombasa, mnamo 1986, Mwalimu Swafiya Said alianzisha chekechea ndani ya madrasa, ili watoto wasome hesabu na kuandika bila kuiacha dini yao.

Hapa Chepilat jambo hili ni zito. Soko letu liko mpakani, Wakipsigis upande wa Bomet, Wagusii upande wa Nyamira. Mwaka wa 1992, na tena mapema 2008, watu walipigana mpakani humu na nyumba zikachomwa. Sisi hatukuwa tumezaliwa, lakini si tunasikia? Leo watoto wa pande zote mbili huketi darasa moja, na hapo ndipo Kiswahili kinapotufaa, kwani mwalimu akiongea Kikipsigis nusu ya darasa haiambulii kitu.

Mdogo wangu ana miaka mitano. Muhula uliopita alikataa kumpa mwenzake kipande cha mandazi, ati "huyo si wa kwetu". Mwalimu hakumchapa. Aliwaketisha pamoja wiki nzima na kuwapa kazi ya kuwagawia wenzao maji ya kunawa. Siku hizi anamtaja rafiki yake huyo kila jioni mpaka tumechoka!

Lakini mama alipomuuliza neno lile alilitoa wapi, alijibu bila kuinua macho, "Hapa nyumbani." Baba akaweka kikombe cha chai chini.