Kifuniko cha Betri Kilichoganda: Vumbi la Kajiado na Mita ya Nguvu ya Baiskeli

Mita ya nguvu ya baiskeli ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopima jinsi mwendeshaji anavyosukuma pedali na kasi anayozizungushia, kisha kikaeleza matokeo kwa wati, yaani kipimo kile kile kinachoandikwa kwenye balbu za umeme. Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alikibuni mwaka 1986. Ndani yake mna vihisi vyembamba vilivyobandikwa kwenye pedali au kwenye mkono wa krenki, ule mkono unaoshika pedali, na mkono unapopinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, umeme unaopita katika vihisi hivyo hubadilika na badiliko hilo likasomeka kama nguvu ya mguu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuongozwa katika ujana wake na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah, aliutegemea sana mtambo huu, na mwaka 2015 timu yake ilipotaka kuzima tetesi za dawa haramu ilitangaza kwamba katika mlima mmoja wa Tour de France alitoa wastani wa wati 414.

Mita nyingi za aina hii huendeshwa na betri bapa ya lithiamu inayoitwa CR2032, ambayo tarakimu zake hueleza umbo lake, kwa kuwa 20 ni upana kwa milimita na 32 ni unene wa milimita 3.2. Betri hukaa chini ya kifuniko cha duara chenye mfuo wa kuingizia sarafu, na ukingoni mwa kifuniko huwa na pete ya mpira inayozuia maji. Kwa kuwa betri moja hudumu kwa saa nyingi za mazoezi, kifuniko huweza kukaa miezi bila kuguswa, na siku betri inapokwisha ndipo mwenye baiskeli anapotambua kwamba hakifunguki.

Katika kaunti ya Kajiado, kiini cha tatizo hilo ni kemia zaidi ya udhaifu wa mikono. Mikono ya krenki na vifuniko vingi hutengenezwa kwa alumini, ambayo hukingwa na utando mwembamba wa oksidi unaojifanya wenyewe hewani, lakini utando huo hauvumilii alkali kali. Alkali ni kinyume cha asidi, na ukali wake hupimwa kwa pH, kipimo ambacho 7 ni katikati. Utando wa alumini huanza kuyeyuka pH inapozidi kama 9, ilhali maji ya magadi hufika 11 na saruji mbichi huzidi 12. Kajiado ina vyanzo vya alkali hiyo pande mbili. Magharibi liko Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911, na barabara inayoteremka huko kutoka Kiserian inapendwa na waendesha baiskeli. Kaskazini, mji wa Kitengela unapakana na Athi River na viwanda vyake vya saruji, na malori ya saruji hupita mchana na usiku katika barabara ya Namanga, ile inayopitia Isinya hadi Kajiado mjini.

Vumbi la magadi na la saruji likiwa kavu halina madhara makubwa. Jasho, ambalo lina chumvi, au mvua ya ghafla inapoliloweka, alkali huanza kuila alumini ndani ya thredi, yaani mikato ya mzunguko inayokishikilia kifuniko, na zao lake ni unga mweupe ambao huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, hata ukabana pande zote mbili kama kabari. Juu yake huja udongo mweusi wa tambarare za Kitengela, ambao ukilowa hunata na ukikauka huwa mgumu kweli kweli. Mwinuko nao huchangia: kifuniko kikifungwa Kitengela, mahali palipo juu ya mita 1,500, kisha baiskeli ikateremshwa hadi Magadi, yapata mita 600, hewa ya nje huwa nzito kuliko iliyofungiwa ndani, ikakisukuma kifuniko na kujaribu kupenyeza vumbi pembeni mwa pete. Msukumo wenyewe ni mdogo, haufiki uzito wa kilo moja. Unyevu na vumbi vinavyofuata njia hiyo ndivyo vinavyodhuru.

Kwa sababu hiyo, kosa linalofanywa mara nyingi zaidi, nalo ni kosa la kusikitisha kwa kifaa chenye bei kubwa kuliko baiskeli nyingi nzima, ni kuanza na bisibisi na nguvu. Kazi inapaswa kuanza na maji. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya vuguvugu na kukamuliwa huwekwa juu ya kifuniko kwa robo saa, kwa kuwa magadi na chumvi ya jasho huyeyuka majini, kisha ukingo na mfuo husuguliwa kwa mswaki mkuukuu na kuchokolewa kwa kijiti cha meno, wala si kwa sindano inayoweza kuitoboa pete. Baada ya hapo fundi hutazama alama ya mshale iliyochorwa kwenye kifuniko, maana baadhi ya vifuniko hufunguka kwa robo mzunguko tu na kulazimisha zaidi huvunja vimeno vyake. Hapa wengi huchanganyikiwa: pedali ya kushoto ya baiskeli hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa kulia, lakini kifuniko cha betri cha upande huo huo kwa kawaida hufunguliwa kushoto kama skrubu nyingine yoyote, na aliyekizungusha kulia kwa nguvu zake zote atakuwa amekikaza yeye mwenyewe.

Sarafu inayojaza mfuo hufaa kuliko bisibisi nyembamba, kwa kuwa hugawa mkazo katika urefu wote wa mfuo badala ya kuuchimba kwenye ncha mbili. Sarafu hiyo hushikwa kwa koleo, kiganja kikaigandamiza kwa uthabiti, kisha ikazungushwa kidogo sana upande wa kukaza kabla ya kurudishwa upande wa kulegeza. Mtikisiko huo wa kwenda na kurudi huvunja unga mweupe vipande vipande. Mafuta ya taa, ambayo mafundi wa barabarani huyatumia kulegeza nati zilizoshika kutu, hayafai hapa, kwani aina fulani za mpira huvimba zikiyanywa, na pete iliyovimba hukibana kifuniko maradufu.

Kuhusu joto, ushauri unaozoeleka una kasoro inayostahili kuelezwa. Kifuniko cha plastiki kilichoingia ndani ya alumini kikipashwa joto hutanuka haraka kuliko alumini inayokizunguka, kwa hiyo hukaza. Kinachokilegeza ni baridi, kwa mfano barafu iliyofungwa katika mfuko wa plastiki na kushikizwa juu yake kwa dakika chache. Kifuniko cha alumini ndani ya alumini hutanuka sawasawa na kilichokizunguka, hivyo joto husaidia tu kulainisha uchafu na grisi iliyokauka, na mashine ya kukaushia nywele inatosha kabisa. Moto wa kiberiti au wa jiko usikaribishwe kamwe, kwa sababu betri ya lithiamu haipaswi kupita nyuzi 60 za Selsiasi.

Mfuo ukiwa umeshaharibika, fundi mwangalifu hubandika nati juu ya kifuniko kwa gundi ya epoksi, huiacha ikauke usiku kucha, kisha huizungusha kwa spana. Kutoboa kwa keekee kuwe jambo la mwisho kabisa, na anayetoboa akumbuke kwamba chini ya kifuniko hicho chembamba mna betri ambayo ikichomwa huweza kuwaka.

Kifuniko kikishatoka, thredi hupanguswa hadi unga mweupe uishe, pete mpya hupakwa grisi ya silikoni kidogo tu, na kifuniko hurudishwa kwa nguvu ya vidole viwili. Anayerudi kutoka Magadi aisuuze baiskeli yake siku hiyo hiyo kwa maji ya kawaida, lakini baada ya kuiacha ipoe kivulini, kwani maji baridi juu ya krenki iliyochomwa na jua huisinyaza hewa iliyo ndani na kuvuta unyevu. Betri iliyotolewa isiachwe mezani: mtoto akiimeza, betri huweza kumuunguza koo katika muda wa saa mbili. Ifungwe kwa selotepu pande zote mbili na kuwekwa mahali asipofika mtoto, na anayeshukiwa kuimeza apelekwe hospitali papo hapo, bila kungojea dalili.