Van Basten kabla ya Milan: Mabao 128 na kifundo kimoja cha mguu

Aprili 3, 1982, Ajax ya Amsterdam ilikuwa ikicheza na NEC ya Nijmegen katika Ligi Kuu ya Uholanzi. Johan Cruyff, mchezaji maarufu kuliko wote nchini humo, alitoka uwanjani na nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa miaka 17. Kijana huyo alifunga bao na Ajax ikashinda 5-0. Jina lake ni Marco van Basten.

Miaka yake mitano iliyofuata katika klabu ya Ajax inaeleza mambo mawili: jinsi Ulaya ilivyompata mmoja wa washambuliaji wake bora, na kwa nini ilimpoteza mapema.

Alitokea wapi?

Van Basten alizaliwa Oktoba 31, 1964 mjini Utrecht, na alianza soka utotoni katika klabu ndogo za mji huo. Ajax ilimchukua mwaka 1981 kutoka Elinkwijk.

Hata hivyo, hakupata namba mara moja. Mbele yake alikuwepo Wim Kieft, mshambuliaji aliyekuwa amekwishatwaa tuzo ya mfungaji bora barani Ulaya. Msimu wa 1982/83, Van Basten alicheza mechi 20 za ligi na kufunga mabao 9. Kieft alipohamia Pisa ya Italia mwaka 1983, mlango ukafunguka.

Msimu uliofuata, kinda huyo alifunga mabao 28 katika mechi 26 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Tuzo hiyo haikumtoka tena hadi anaondoka Uholanzi: aliitwaa misimu minne mfululizo. Mwaka 1983 pia aliitwa kwa mara ya kwanza timu ya taifa.

Kilichomtofautisha ni nini?

Alikuwa mrefu, lakini hakuwa mshambuliaji wa kusubiri krosi tu. Aligeuka kwa wepesi wa mchezaji mfupi, alipiga kwa miguu yote miwili, na alikuwa hodari wa mipira ya kichwa. Msimu wa 1985/86, Cruyff akiwa sasa ndiye kocha wake, alifunga mabao 37 katika mechi 26 za ligi na kutwaa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya.

Novemba 1986 alifunga bao la tikitaka dhidi ya Den Bosch, ambalo hadi leo huoneshwa kila yanapotajwa mabao bora ya ligi hiyo. Alikuwa na miaka 22 tu.

Jeraha lilitokea vipi?

Mwezi mmoja baadaye, Ajax ilicheza na Groningen. Van Basten mwenyewe ndiye aliyeteleza kumkaba beki wa timu pinzani, na ni yeye aliyeinuka akiwa ameumia kifundo cha mguu wa kulia.

Kifundo cha mguu hushikiliwa na kano zinazounganisha mifupa, na kati ya mifupa hiyo kuna gegedu, tabaka laini linaloizuia isisuguane. Kano zikilegea, kiungo hucheza vibaya na gegedu huanza kulika. Gegedu haina mishipa ya damu, ndiyo maana hupona kwa shida sana. Kwa mshambuliaji anayegeuka na kuruka kila dakika, kuendelea kucheza katika hali hiyo ni kukopa kwa riba kubwa.

Lakini Ajax ilikuwa ikiwania Kombe la Washindi barani Ulaya. Katika kitabu cha maisha yake, Van Basten ameeleza makubaliano yake na Cruyff: angeweza kupumzishwa katika baadhi ya mechi za ligi na mazoezi, ila mechi za Ulaya lazima acheze.

Alicheza. Mei 13, 1987 mjini Athens, akiwa nahodha, alifunga kwa kichwa bao pekee la fainali dhidi ya Lokomotive Leipzig ya Ujerumani Mashariki. Aliondoka Ajax akiwa na mabao 128 katika mechi 133 za ligi.

Deni lililipwaje?

Katika msimu wake wa kwanza AC Milan alicheza mechi 11 tu za ligi, kwa sababu ilibidi afanyiwe upasuaji. Alipopona, dunia iliona alichokuwa nacho: mabao matatu dhidi ya England na ubingwa wa Ulaya mwaka 1988, kisha tuzo tatu za Ballon d'Or, mwaka 1988, 1989 na 1992.

Lakini maumivu ya kifundo yalirudi. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Mei 1993, akiwa na miaka 28. Baada ya upasuaji mwingine na miaka miwili ya kusubiri, Agosti 1995 alitangaza kustaafu.

Ni rahisi kumlaumu kocha. Hata hivyo, klabu ilitaka kombe, mashabiki walitaka mabao, na kijana mwenyewe alitaka kucheza. Katika umri huo, ni wachache wanaoweza kukataa. Ndiyo maana uamuzi wa kumpumzisha mchezaji kinda aliyeumia haufai kuachiwa yeye, wala mtu anayehitaji ushindi wa wiki ijayo.