Hesabu inayolinda siri kati ya Konde na Muscat

Msimu wa karafuu ukifika, simu za Konde, kisiwani Pemba, hazipumziki. Mama aliyeanika karafuu zake kwenye jamvi hurekodi ujumbe wa sauti kwa mwanawe aliyeko Muscat: bei, uzani, ada za wajukuu. Ujumbe hupita kwenye minara na mitambo ya watu baki, lakini anayeusikia ni mwanawe peke yake. Kinachoulinda ni hesabu.

Zamani, waliotaka kuandikiana kwa siri ilibidi kwanza wapeane ufunguo kwa njia ya kuaminika. Mwaka 1976, Wamarekani Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya kukubaliana ufunguo hadharani, hata adui akisikiliza.

Kazi hiyo hufanywa na simu zenyewe. Tuione kwa namba ndogo. Namba 2 na 13 zinajulikana na wote. Simu ya mama inachagua siri yake, 5. Mbili kwa kipeo cha 5 ni 32. Ukigawa kwa 13 inabaki 6. Inatuma 6. Simu ya mwana inachagua 4: mbili kwa kipeo cha 4 ni 16, baki 3. Inatuma 3. Sasa ya mama inachukua 3 kwa kipeo cha 5, yaani 243, baki 9. Ya mwana inachukua 6 kwa kipeo cha 4, yaani 1,296, baki 9. Zote zimepata 9, ambayo ndiyo ufunguo wao, na 9 haikupita njiani hata mara moja.

Mdukuzi ameona 2, 13, 6 na 3 tu. Kwa namba hizi angeipata siri haraka. Lakini WhatsApp, inayofunga ujumbe binafsi kwa namna hii tangu 2016, hutumia hesabu ya ukoo huohuo yenye namba tasa ya tarakimu 77. Kwenda mbele, kutoka siri hadi namba inayotumwa, ni kufumba na kufumbua; kurudi nyuma kunazishinda kompyuta zote zilizopo.

Hata hivyo, hakuna aliyethibitisha kwamba njia ya mkato haipo. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionesha kuwa kompyuta kubwa ya kwanta, inayokokotoa kwa sheria za fizikia ya chembe ndogo, ingeweza kuivunja hesabu hii. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kanuni mpya zenye misingi mingine.

Kanuni zote hizo ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Siri ni namba iliyochaguliwa, si mbinu. Basi mwalimu wa Konde anayefundisha vipeo na baki aiandike hesabu hii ubaoni, wanafunzi waijaribu kwa namba zao. Wakiijua, wataweza kuzikagua kufuli tunazouziwa, na kesho kutengeneza za kwao.