Gari dogo la zamani: Urembo upi unalipa msimu wa korosho?

MKUNYA, Newala

FEDHA za korosho zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima, soko la magari yaliyokwishatumika nalo huchangamka katika uwanda wa juu wa Makonde. Minada huanza Oktoba, na chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hulipwa baada ya mzigo wake kuuzwa mnadani. Katika mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, Oktoba 2024, bei ya juu ilifikia Sh. 4,120 kwa kilo. Bei ya namna hiyo humfanya mkulima afikirie kununua gari, na mwenye gari dogo la zamani afikirie kuliuza.

Magari yanayohusika zaidi ni yale madogo yenye mlango mkubwa wa nyuma, ambayo mtaani huitwa "bebi woka": Toyota Starlet, ambayo utengenezaji wake ulikoma mwaka 1999, Vitz, iliyoanza mwaka huohuo, na IST, iliyoingia sokoni nchini Japani mwaka 2002. Kwa kuwa gari kuukuu linaloagizwa kutoka nje hutozwa ushuru wa ziada kutokana na umri wake, lile ambalo tayari liko nchini huendelea kuwa na thamani hata likifikisha miaka 20.

Swali la kibiashara ni hili: mwenye gari atumie fedha kwa kitu gani kabla ya kulipeleka sokoni? Jibu ni kwamba kazi inayolirudisha gari katika sura yake ya kiwandani hulipa. Kazi inayolibadili sura, au inayoficha ubovu, humla muuzaji. Nyingi kati ya zile zinazolipa mwenye gari anaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani.

Vumbi na maji

Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya miaka mingi, na maji ya bomba husukumwa kutoka mabondeni hadi juu. Kwa sababu hiyo wengi hufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi hilo lina mchanga ndani yake, na kulifuta kavu ni sawa na kupiga rangi msasa kila asubuhi. Ndiyo asili ya ile mikwaruzo midogo ya mviringo inayoonekana juu ya boneti jua likiwaka.

Ndoo mbili zinatosha. Moja iwe na maji ya sabuni ya kuoshea magari, nyingine maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Anza juu ya paa, malizia chini kwenye milango. Sabuni ya unga ya kufulia iachwe kwa nguo, kwani huondoa nta inayokinga rangi.

Taa za mbele

Hakuna kazi rahisi inayobadili sura ya gari la zamani kama kusafisha taa za mbele. Kioo cha taa hizo si kioo, bali ni plastiki ngumu ya polikabonati iliyopakwa utando wa kuzuia jua. Baada ya miaka mingi utando huo huharibika, taa ikawa ya njano na yenye ukungu. Mwanga nao hupungua, jambo ambalo ni hatari kwa anayesafiri usiku kati ya Newala na Masasi.

Zungushia rangi ya gari gundi ya karatasi ili isikwaruzwe. Piga taa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ukilowesha muda wote. Malizia kwa polishi ya kukatia. Wengi hukomea hapo, na hapo ndipo kosa lilipo: msasa umeondoa utando wa zamani, na bila kinga mpya taa hurudi kuwa ya njano baada ya miezi michache. Ni lazima ipuliziwe rangi isiyo na rangi, yaani "klia", ya aina inayozuia miale ya jua. Dawa ya meno, inayosifiwa sana vijiweni, hung'arisha kwa siku chache tu.

Rangi ya bodi

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, ina unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, yaani kama unywele mmoja au miwili ya binadamu. Polishi ya kukatia huondoa sehemu ya klia kila inapotumika. Basi ipigwe mara moja, kwa mkono mwepesi, na kwa uangalifu zaidi kwenye kona za boneti na milango ambako rangi ni nyembamba. Baada ya hapo ipakwe nta.

Mahali palipochubuka hadi bati pazibwe mapema kabla kutu haijatambaa. Usiende dukani kuomba "nyeupe" au "fedha" tu. Kwenye Toyota nyingi kuna kibao cha chuma ndani ya boneti, na baada ya herufi C/TR imeandikwa namba ya rangi. Kwa mfano, 040 ni nyeupe inayoitwa Super White II. Mchanganyaji rangi akipewa namba hiyo, kiraka hakitaonekana kwa mbali. Anayepulizia rangi yenye hadina avae barakoa inayofaa na afanyie kazi mahali penye hewa, kwa kuwa mvuke wake hudhuru mapafu.

Kubadili rangi ya gari zima ni jambo jingine. Gharama ni kubwa, na kadi ya usajili imeandikwa rangi ya gari, hivyo mabadiliko ni lazima yapelekwe TRA. Mnunuzi anayekuta gari jekundu na kadi inayosema nyeupe ana haki ya kuuliza maswali, na kila swali hushusha bei.

Ringi na matairi

Vijana wengi hukimbilia ringi kubwa. IST ya kwanza hutumia tairi la 185/65R15, ambalo ukuta wake una kimo cha milimita 120. Ukifunga ringi ya inchi 16 yenye tairi la 195/50, ukuta huo unashuka hadi chini ya milimita 98. Katika barabara ya lami hilo si neno kubwa. Katika njia za vijijini zenye mashimo na mizizi, ringi hupinda na tairi hupasuka. Kipenyo chote nacho hupungua kwa asilimia 3 hivi, gari likawa chini zaidi.

Ringi za chuma za kiwandani zikikwanguliwa kutu, zikapakwa praima na rangi ya fedha, kisha zikafunikwa kwa wilikapu nzima, humridhisha mnunuzi wa kawaida. Nati zikazwe kwa zamu ya msalaba.

Ndani ya gari

Gari la mkoa wa korosho hubeba mengi, na baya kuliko yote kwa viti ni salfa. Unga wake hujificha kwenye zulia na harufu yake haitoki kwa manukato. Toa viti na zulia, kung'uta, safisha kwa maji ya sabuni kidogo, kisha anika mpaka vikauke kabisa. Zulia likirudishwa likiwa bichi huozesha sakafu ya bati.

Hesabu

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Gari limetajiwa Sh. milioni 6 likiwa chafu. Mwenyewe anatumia Sh. 150,000 kwa misasa, polishi, klia, nta na wilikapu, na siku tatu za kazi. Akiuza kwa milioni 6.3, amepata faida ya Sh. 150,000. Jirani yake anafunga ringi na redio kubwa kwa Sh. milioni 1.2. Ili arudishe fedha zake tu, lazima auze kwa milioni 7.2, na mnunuzi mwenye fedha hizo anaweza kuwa anatafuta gari jipya zaidi.

Kwa mnunuzi

Mnunuzi naye aje akijua kwamba kung'aa si uzima. Aje na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na kuipitisha kwenye milango na juu ya magurudumu. Mahali isiponasa kwenye bati, pana bodifila nene, na chini yake huenda pana kutu au ajali. Atazame kingo za mipira ya vioo kama zina rangi iliyopuliziwa, ainue zulia, alinganishe rangi na kadi, na gari alione mchana, si jioni.

Muuzaji aliyesafisha bila kuficha hana la kuogopa katika ukaguzi huo. Kazi ianze Agosti au Septemba, wakati bado kuna siku za jua na nafasi gereji. Anayengoja mpaka mnada wa kwanza utangazwe atawakuta mafundi wana foleni, na wanunuzi wameshapewa bei na wengine.